Mali na Bei Yake: Platini, Madini Yaliyotupwa Mtoni

Watu wengi hudhani kuwa bei ni sifa ya kitu chenyewe, kama vile uzito wake au rangi yake. Husema kwamba dhahabu ni ghali kwa sababu ni dhahabu, na chuma ni rahisi kwa sababu ni chuma. Lakini mtu akifuata habari za madini yaitwayo platini, tangu karne ya 18 mpaka karne iliyopita, ataona kuwa sivyo. Madini hayo yaliwahi kutupwa mtoni na watumishi wa serikali. Kisha yakauzwa kwa bei iliyokuwa chini ya bei ya fedha. Kisha yakapigwa sarafu za dola kubwa, na sarafu hizo zikarudishwa. Kisha yakapanda hata wakia moja ikaweza kununua wakia 5 za dhahabu. Katika muda huo wote platini yenyewe haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maarifa ya watu, na haja zao, na mkono ulioshika ufunguo wa soko.

Habari zenyewe zaanzia Amerika ya Kusini, katika jimbo la Chocó, ambalo siku hizi limo katika nchi ya Kolombia. Jimbo hilo ni la mvua nyingi, misitu mizito na mito mingi. Waspania walikuwa na machimbo ya dhahabu huko, na kazi ya kuchimba na kuosha mchanga ilifanywa na watumwa waliotolewa Afrika, pamoja na uzao wao. Hao walisimama majini tangu alfajiri wakiwa na sinia za mbao, wakizungusha mchanga mpaka vitu vyepesi viondoke na vizito vibaki. Katika vile vizito vilivyobaki zilionekana chembe za dhahabu, na pamoja nazo chembe nyingine nyeupe, zilizofanana na fedha. Waspania walizipa jina la platina, maana yake kijifedha. Ni jina la dharau, kama mtu anavyokiita kijumba nyumba isiyo na thamani.

Sababu ya dharau hiyo ni kwamba platini haikukubali moto. Dhahabu huyeyuka katika joto la digrii 1,064 za sentigredi, bali platini huhitaji digrii 1,768, na hapakuwa na tanuru ya mhunzi iliyoweza kutoa joto kama hilo. Madini yasiyoyeyuka hayafuliki vema, wala hayamiminiki katika kalibu. Basi kwa mwenye machimbo platini ilikuwa takataka iliyoongeza kazi, kwa kuwa ilibidi itenganishwe na dhahabu chembe kwa chembe.

Fauka ya hayo, ilikuwa hatari. Platini ni nzito kuliko dhahabu: kipimo cha maji chenye uzito wa ratili 1 kikijazwa dhahabu kitakuwa na uzito wa ratili 19 na zaidi, na kikijazwa platini kitapita ratili 21. Wadanganyifu waligundua kwamba ukiichanganya platini ndani ya dhahabu, uzito hautakufichua. Serikali ya Hispania ilipotambua hila hiyo iliogopa kuharibika kwa sarafu zake, na watumishi wake wakawa wakiitenga platini katika nyumba za kupigia sarafu na kuitupa mtoni mbele ya mashahidi. Hivyo ndivyo mali ilivyozamishwa kwa makusudi, na watu waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wakilinda mali waliyoijua dhidi ya kitu wasichokijua.

Habari za madini hayo zilifika Ulaya polepole. Antonio de Ulloa, afisa wa Hispania aliyesafiri Amerika, aliyataja katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1748. Mwingereza mmoja, Charles Wood, alikuwa amekwisha kupata vipande huko Jamaica, vilivyotoka bandari ya Cartagena, na mwaka wa 1750 habari zake zilisomwa mbele ya chama cha wataalamu cha Royal Society, London. Wataalamu walistaajabu kuona madini yasiyoshika kutu, yasiyoguswa na asidi kali zinazokula chuma na shaba, wala na moto. Wakafahamu kuwa sifa ile ile iliyoyafanya yadharauliwe huenda ikayafanya yatakiwe. Chombo kisichoyeyuka wala kuliwa na asidi ni kitu cha thamani kwa mtu afanyaye kazi ya moto na asidi. Swali lilikuwa moja tu: kitafuliwaje?

Mnamo mwaka wa 1786 Mfaransa Pierre-François Chabaneau, aliyekuwa akifanya kazi kwa serikali ya Hispania, alipata njia ya kuifanya platini ifulike. Lakini njia hiyo ilishikwa kama siri ya serikali, na haikuleta biashara kubwa. Biashara yenyewe ilianzia London, mwaka wa 1800, kwa watu wawili waliosomea uganga, William Hyde Wollaston na Smithson Tennant.

Mwishoni mwa mwaka huo wawili hao walinunua wakia 5,959 za mchanga wa platini kwa pauni 795. Karani yeyote aweza kupiga hesabu hiyo: ni kama shilingi 2 na peni 8 kwa wakia moja. Wakati huo wakia ya fedha ilikuwa na thamani ya shilingi 5 na zaidi kidogo, na wakia ya dhahabu ya kupigia sarafu ilikuwa pauni 3, shilingi 17 na peni 10 na nusu. Kwa hiyo platini ghafi iliuzwa kwa nusu ya bei ya fedha, na wakia 29 zake ndizo zilizolingana na wakia moja ya dhahabu.

Mchanga huo haukufika kwa njia ya halali. Hispania ilikuwa imeukataza usitoke, lakini wachuuzi waliutorosha kutoka pwani ya Cartagena mpaka Kingston katika kisiwa cha Jamaica, na kutoka huko ukapakiwa merikebuni kwenda London. Kila mkono uliopokea uliongeza faida yake. Mkono wa kwanza kabisa, ule uliozungusha sinia mtoni, haukupata kitu, kwa sababu mwenye mkono huo mwenyewe alihesabiwa kuwa mali ya mtu. Utumwa ulikomeshwa katika nchi hiyo tarehe 1 Januari 1852, kwa sheria iliyopitishwa mwaka wa 1851, yaani zaidi ya miaka 50 baada ya ununuzi huo wa London.

Wollaston alifanya kazi kwa subira. Aliuyeyusha mchanga ule katika mchanganyiko wa asidi mbili kali, akatia chumvi ya amonia, na platini ikashuka chini kama unga wa njano. Unga huo ukichomwa hubaki platini tupu yenye matundu kama sifongo. Aliusaga kwa uangalifu, akaulowesha maji, akaushindilia ndani ya kalibu kwa nguvu nyingi, kisha akaupasha moto na kuufua kwa nyundo mpaka chembe zikashikamana na kuwa kipande kimoja kigumu. Hakuiyeyusha platini kwa moto hata kidogo. Aliishinda kwa kuikandamiza. Katika kuyachunguza mabaki ya kazi hiyo, watu hao wawili walivumbua pia madini manne mapya: Wollaston palladi na rodi, na Tennant iridi na osmi.

Wateja walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa mafundi wa bunduki. Bunduki za siku zile zilikuwa na kitundu cha kupitishia moto kwenye baruti, na kitundu hicho kililiwa upesi na moshi wa baruti. Kikizungushwa platini, kilidumu. Wa pili walikuwa watengenezaji wa asidi ya salfuriki, ambayo ilihitajiwa sana na viwanda vya Uingereza vilivyokuwa vikikua kila mwaka. Ili asidi hiyo iwe kali, ilichemshwa ndani ya vyombo vya kioo, na vyombo hivyo vilipasuka mara kwa mara, asidi ikamwagika na kazi ikapotea. Chungu cha platini kiligharimu mamia ya pauni, lakini hakikupasuka wala hakikuliwa. Mwenye kiwanda aliyepima hasara ya kioo kwa miaka kadhaa aliona kuwa kilicho ghali ndicho kilicho rahisi.

Hapo ndipo siri ya bei inapoonekana. Wollaston hakuwa na machimbo, wala merikebu, wala askari. Alikuwa na maarifa ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, naye aliyafunga kifuani. Katika miaka 20 alinunua zaidi ya wakia 40,000 za mchanga, akauza platini iliyofuliwa kwa bei iliyopita ile ya kununulia mara nyingi, akawa tajiri. Hakuitangaza njia yake mpaka mwaka wa 1828, alipokuwa mgonjwa na kifo kimekaribia. Alifariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Platini haikuelea kamwe; lakini bei yake ilielea, nayo iliundwa.

Wakati huo huo mlango mwingine ulikuwa umefunguka mashariki. Katika milima ya Ural, nchini Urusi, chembe nyeupe zilionekana katika mchanga wa dhahabu mwaka wa 1819, na kufika mwaka wa 1825 platini nyingi ilikuwa ikipatikana katika mashamba ya ukoo wa Demidov huko Nizhny Tagil. Kazi ilifanywa na wakulima waliofungwa kwa bwana wa ardhi, wasioweza kuondoka bila ruhusa yake. Kifungo hicho hakikuondolewa Urusi mpaka mwaka wa 1861.

Platini ikarundikana katika hazina, na wanunuzi hawakuwapo wa kutosha. Waziri wa Fedha, Yegor Kankrin, akafikiri hivi: ikiwa soko halinunui, serikali yenyewe na iwe mnunuzi, na platini iwe sarafu. Fundi Pyotr Sobolevsky alikuwa amekwisha kupata njia ya kuishindilia na kuifua, iliyofanana na ile ya Wollaston. Mwaka wa 1827 Kankrin alimwandikia mtaalamu mashuhuri Mjerumani, Alexander von Humboldt, kumwomba shauri. Humboldt hakuafiki. Bei ya platini, alieleza, haikusimama mahali pamoja, na sarafu yahitaji madini ambayo ulimwengu wote umekubaliana thamani yake.

Kankrin aliendelea na mpango wake. Mwaka wa 1828 zilitolewa sarafu za rubli 3, mwaka wa 1829 za rubli 6, na mwaka wa 1830 za rubli 12. Serikali iliamuru kwamba platini iwe na thamani iliyopita ile ya fedha mara 5 na kidogo, yaani kiasi cha theluthi moja ya thamani ya dhahabu. Zaidi ya sarafu milioni 1 na laki 3 za rubli 3 zilipigwa, lakini zile za rubli 12 hazikufika 4,000. Kwa jumla zilikuwa na thamani ya zaidi ya rubli milioni 4.

Matatizo yalianza taratibu. Sarafu ya rubli 3 ilikuwa na ukubwa sawa na ile ya fedha ya kopeki 25, na kwa macho ya haraka zilifanana; mchuuzi aliyeuza gizani angeweza kupata hasara kubwa. Lakini tatizo kubwa lilikuwa la bei. Amri ya Kaisari ilikuwa na nguvu ndani ya mipaka ya Urusi tu. Nje ya mipaka platini ilifuata haja ya wanunuzi, na haja ilikuwa ndogo, bei ikashuka. Ilipokuwa rahisi nje kuliko ilivyoandikwa juu ya sarafu, hofu ikaingia: mtu aweza kununua platini ng'ambo, akapiga sarafu za bandia zenye madini halisi na uzito halisi, akazileta Urusi na kupokea fedha safi. Udanganyifu wa namna hiyo ni mgumu sana kuukamata, kwa kuwa sarafu ya bandia haina kasoro.

Kankrin aliondoka kazini mwaka wa 1844. Mwaka wa 1845 ilitoka amri ya kuzikusanya sarafu zote za platini, na watu wakabadilishiwa. Hasara ikabaki kwa hazina, nayo machimbo ya Ural yakapooza mara, kwa maana mnunuzi mkubwa alikuwa ameondoka. Miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya shehena hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Johnson Matthey ya London. Tangu hapo ikawa desturi: mchanga ulitoka Urusi, lakini ulisafishwa London, Paris na Hanau katika Ujerumani. Mwenye ardhi alikuwa mmoja, mwenye kiwanda mwingine; na aliyetaja bei ni mwenye kiwanda.

Platini ilikuwa rahisi mno katika miaka hiyo hata ikafanywa chombo cha wizi kwa mara nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wadanganyifu wa Hispania walipiga sarafu za bandia kwa platini na kuzipaka dhahabu juu. Uzito ulikuwa sawa, mlio ulikuwa mzuri. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazijua sana. Na ilipofika karne ya 20 platini iliyokuwa ndani ya sarafu kama hizo ilipita thamani ya dhahabu ambayo mwizi alitaka kuiigiza.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya maarifa mapya. Katika miaka ya 1850 Wafaransa Henri Sainte-Claire Deville na Jules Debray walitengeneza tanuru ya chokaa iliyowashwa kwa gesi za oksijeni na hidrojeni, na platini ikayeyuka hatimaye kama madini mengine. Sasa iliweza kumiminwa kwa wingi. Mwaka wa 1889 mataifa yaliyokutana Paris yalikubali fimbo ya mita na jiwe la kilo vilivyofanywa kwa platini iliyochanganywa na iridi, sehemu 9 kwa 1, viwe mizani ya ulimwengu. Jiwe hilo la kilo lilitumika kuwa kipimo mpaka tarehe 20 Mei 2019.

Kisha ikaja taa ya umeme. Waya unaoingia ndani ya kioo cha taa hauna budi kutanuka na kunywea sawa na kioo, la sivyo hewa hupenya na taa hufa. Platini ndiyo iliyofaa. Madaktari wa meno waliitumia kushikizia meno ya bandia, na wapiga picha waliitumia kuchapishia picha zisizofifia. Viwanda vya asidi viligundua jambo la ajabu zaidi: platini kidogo ikiwekwa katika njia ya gesi huharakisha kazi ya kuzigeuza, na yenyewe haipungui. Haja ikaongezeka kila upande, lakini kiasi cha tisa kwa kumi cha platini ya dunia kilitoka Ural peke yake.

Mwaka wa 1914 vita vikuu vilizuka, na mwaka wa 1917 Urusi ikaingia katika mapinduzi. Kila jeshi lilihitaji asidi kwa ajili ya baruti, na asidi ilihitaji platini. Mwaka wa 1918 serikali ya Marekani iliweka bei ya dola 105 kwa wakia, ambapo wakia ya dhahabu ilikuwa dola 20 na senti 67. Wanawake wa Marekani waliombwa wasivae vito vya platini. Macho ya wanunuzi yakarudi Chocó, na huko Quibdó, mji mkuu wa jimbo, watu walichimba barabarani na chini ya nyumba kutafuta chembe ambazo mababu waliziosha na mabwana wakazitupa.

Miaka michache baadaye soko lilifundisha somo lile lile tena. Mwaka wa 1924 mkulima Andries Lombaard aliona chembe nyeupe katika mchanga wa kijito huko Transvaal, Afrika ya Kusini. Mtaalamu Hans Merensky akaufuata mwamba wake, nao ukaonekana kuwa mkubwa kuliko yote iliyojulikana. Makampuni yapatayo 50 yaliundwa kwa haraka, watu wakanunua hisa bila kuuliza nani atanunua platini yenyewe. Bei iliposhuka, mengi yalikufa. Dhahabu nayo haikuachwa nyuma daima: platini ilipita dola 2,000 kwa wakia mwaka wa 2008, lakini kufika mwaka wa 2015 dhahabu ilikuwa imeipita tena.

Kwa mwenye kuuza mazao yake, na kwa karani anayeandika hesabu za wengine, habari hizi zina faida. Kuna maswali matatu ambayo watu wa Chocó hawakuruhusiwa kuyauliza, na ambayo Kankrin aliyapuuza. La kwanza: mnunuzi wa mwisho ni nani, naye anakitaka kitu hiki kwa kazi gani? La pili: kati ya mkono wa mchimbaji na mkono wa mnunuzi huyo, mikono mingapi imo, na kila mmoja umeongeza nini? La tatu: ni nani ajuaye kazi ya kukigeuza kitu ghafi kiwe kitu cha kutumika? Anayeweza kuyajibu haya haogopi bei ikishuka, wala halewi ikipanda. Asiyeweza kuyajibu, hata akiwa waziri mwenye hazina na askari, atauza asichokijua kwa mtu anayekijua, na mali bila daftari huisha bila habari.